Krimu au kijivu? Rangi ya ukuta na afya ya wanaolala chumbani

Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini siku hizi, huenda ukamkuta mteja ameshika kadi ya rangi, fundi amesimama kando yake akingoja, na swali ni lile lile: tupake krimu au kijivu? Krimu ni rangi ambayo wenye nyumba wameipaka miaka nenda miaka rudi, hata baadhi ya wapangaji wameichoka. Kijivu hafifu kimeingia kwa kishindo miaka ya hivi karibuni, kwanza maofisini, kisha katika picha za nyumba za kuuza, na sasa kila anayehamia nyumba mpya anakitaka.

Wengi hulichukua swali hilo kuwa la urembo tu. Lakini ikiwa chumba chako kina dirisha moja, na ndani yake analala nyanya mwenye macho hafifu, mtoto anayetambaa au mwanafunzi anayesoma usiku, basi uamuzi huo unahusu afya pia. Ndiyo sababu tunaujadili katika kurasa hizi.

Krimu ni rangi nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, mara nyingine na chembe ya wekundu. Kijivu hafifu ni nyeupe iliyotiwa weusi kidogo, aghalabu pamoja na buluu, kijani au zambarau isiyoonekana kwa haraka. Zote mbili huitwa rangi tulivu kwa kuwa hazigombani na viti wala mapazia. Tofauti kubwa kati yake haiko katika uzuri. Iko katika kiasi cha mwanga ambao kila moja hurudisha chumbani.

Mwanga unavyoliwa na ukuta

Tuseme unaishi ghorofa ya pili mtaani Umoja au Pipeline, jijini Nairobi. Dirisha lako linatazama ukuta wa jirani ulio hatua chache tu. Jua lenyewe haliingii. Kinachoingia ni mwanga ambao tayari umegonga ukuta wa jirani. Ukifika ndani, unagonga ukuta wako, unarudi, unagonga ukuta wa pili, ndipo unafika kwenye meza au kitanda. Kila unapogonga, rangi hula sehemu yake.

Watengenezaji wa rangi hupima jambo hili kwa nambari kutoka 0 hadi 100. Nyeusi tititi iko karibu na 0 na nyeupe safi hukaribia 90. Krimu nyingi huwa kati ya 75 na 80 na kitu. Kijivu hafifu huanguka kati ya 50 na 60 na kitu, na kile kilichokolea kidogo hushuka chini ya hapo. Baadhi ya kampuni huandika nambari hiyo kwenye kadi ya rangi, nyuma au chini ya jina. Usipoiona, muulize mwenye duka.

Sasa piga hesabu. Krimu yenye nambari 80 hupokea mwanga wa sehemu 100 ikarudisha 80. Ukuta wa pili hupokea hizo 80 ukarudisha 64. Wa tatu hurudisha 51. Fanya vivyo hivyo na kijivu chenye nambari 55: kwanza 55, kisha 30, kisha 17. Katika chumba kinachopata mwanga wa kutosha tofauti hiyo haitakusumbua. Lakini katika chumba ambacho karibu mwanga wote umeshagonga kuta mara mbili tatu kabla ya kumfikia mtu, kitabu kinachosomeka saa kumi alasiri penye krimu kitahitaji taa penye kijivu. Gharama ya taa hiyo utailipa kila mwezi.

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya bila nambari. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Vyumba vya ndani vilipata mwanga haba. Kuta zilipigwa lipu ya chokaa nyeupe, laini, ili mwanga mdogo ulioingia uani usafiri hadi ndani.

Ni nani anayeumia zaidi chumba kikiwa na giza? Si kijana. Jicho huzeeka kama goti: mboni huwa ndogo, na lenzi ya ndani huanza kuwa ya manjano na ukungu. Inakadiriwa kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hivyo unapoingia chumbani kwa mama yako ukaona mwanga unatosha, jua kwamba yeye haoni unachokiona wewe.

Kuna hatari nyingine ambayo wapambaji wa nyumba huisahau. Nyumba nyingi zetu zina sakafu ya saruji au vigae vya kijivu. Ukipaka ukuta kijivu, ukaacha fremu ya mlango kijivu na kizingiti kijivu, umefuta mipaka yote ambayo mzee huitegemea ili ajue ukuta unaishia wapi na ngazi inaanzia wapi. Mzee anapoanguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi hali yake hairudi kama awali. Kama lazima uchague kijivu, paka fremu ya mlango na ukanda wa chini wa ukuta rangi iliyokolea, kahawia kwa mfano, na uweke alama inayoonekana kwenye ukingo wa kila kipandio. Hata swichi ya taa ionekane. Swichi nyeupe hupotea kwenye ukuta wa krimu pia, kwa hivyo hapo krimu haina cha kujivunia.

Kijivu kinaposhinda

Isidhaniwe kwamba kijivu hakina nafasi. Chumba cha ghorofa ya juu kabisa, chenye dirisha pana linalotazama magharibi, hupigwa na jua la alasiri hadi macho yanauma. Humo krimu inayong'aa huongeza taabu. Mtu mwenye mtoto wa jicho, au anayepatwa na kipandauso, huudhiwa sana na mng'ao. Kijivu hafifu kisichong'aa hupunguza makali hayo. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba cha anayeshinda mbele ya kompyuta huku dirisha likiwa nyuma yake.

Zingatia neno hilo "kisichong'aa". Rangi ile ile ikiwa ya kung'aa hurudisha mwanga kama kioo, kwa kishindo mahali pamoja. Ikiwa haing'ai huusambaza. Kwa chumba cha kulala, rangi ya maji isiyong'aa, au yenye mng'ao kidogo ili iweze kufutwa kwa kitambaa, inatosha. Ile ya mafuta yenye kung'aa iache jikoni, bafuni na milangoni.

Hapa tunapaswa kusahihisha ushauri ambao umeenea kupitia vitabu na majarida ya ng'ambo. Humo utasoma kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi na giza, hivyo kipakwe rangi ya joto kama krimu, na kwamba cha kusini kina jua mwaka mzima. Hayo ni kweli London, ambako jua daima hupita upande wa kusini. Nairobi iko karibu na ikweta, takriban digrii moja na robo kusini yake. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini; mwezi Desemba huinamia kusini. Maana yake ni kwamba dirisha la kusini hukosa jua hasa katika miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi na mawingu, nguo zinapokataa kukauka. Ikiwa una chumba kimoja cha kupaka krimu na kimoja cha kijivu, krimu ipeleke kusini.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayobadilisha rangi zaidi kwetu. Jua la asubuhi na la jioni lina umanjano, na krimu yenye manjano mengi ikipigwa nalo hugeuka kama siagi. Kijivu hustahimili. Na usisahau jirani: kama ukuta wake ni wa matofali mekundu au mabati ya buluu, mwanga unaoingia kwako umeshachovywa katika rangi hiyo.

Halafu kuna taa. Balbu nyingi za bei nafuu hutoa mwanga mweupe wenye ubuluu, na kwenye kasha utaona nambari kama 6500 na herufi K. Mwanga huo huifanya kijivu kuwa ya baridi kama chumba cha kuhifadhia nyama. Balbu za 2700 au 3000 hutoa mwanga wa manjano, ambao huipendeza kijivu na kuizidisha krimu. Mara nyingi anayelalamika kwamba fundi amemletea rangi tofauti na ile ya kadi ameletewa rangi sawa, ila ameitazama chini ya balbu nyingine. Kubadilisha balbu ni rahisi kuliko kurudia kuta nne.

Kabla ya kununua galoni, nunua kopo dogo kabisa la kila rangi. Chukua vipande viwili vya katoni au ubao, kila kimoja kama nusu mita kwa nusu mita, upake mikono miwili na uache vikauke. Rangi mbichi hudanganya. Visimamishe kwenye ukuta ulio mbali na dirisha, maana huko ndiko giza liliko. Tazama asubuhi, adhuhuri, na usiku taa ikiwa imewaka. Weka karatasi nyeupe kando yake, na ile buluu au kijani iliyojificha ndani ya kijivu itajitokeza yenyewe. Mwombe mzee wa nyumba naye atazame, asome mstari wa gazeti akiwa ameketi mahali anapoketi kila siku.

Kwa wanaotarajia mtoto kuna jambo la ziada. Watoto wengi wachanga hupata umanjano katika siku za kwanza, na mara nyingi huisha bila madhara, lakini ukizidi unaweza kuharibu ubongo. Mama huombwa autazame mwili wa mtoto. Katika chumba cha krimu yenye manjano, chini ya taa ya manjano, kila mtoto anaonekana wa manjano, na mama huzoea. Chini ya taa yenye ubuluu na kuta za kijivu, umanjano wa kweli waweza kufichika. Usiamini ukuta wowote. Mpeleke mtoto dirishani mchana, utazame weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo, hasa kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi. Ukiuona umanjano katika saa 24 za kwanza, au mtoto akiwa mlegevu na hanyonyi, usingoje, nenda hospitali.

Je, kijivu huleta huzuni? Swali hili huulizwa sana. Mtu anaweza kuona chumba cha kijivu kama cha kununa, na hiyo ni haki yake, lakini madai kwamba rangi fulani hutibu au huleta ugonjwa wa akili hayana msingi imara. Mwaka 1979 gereza moja la jeshi la majini huko Seattle, Marekani, lilipaka chumba rangi ya waridi kwa imani kwamba wafungwa wangetulia. Habari hizo zilisambaa sana, lakini uchunguzi wa baadaye haukuthibitisha matokeo hayo. Lililo na ushahidi ni mwanga wenyewe: mwanga wa mchana, hasa wa asubuhi, huusaidia mwili kujua saa ya kuamka na ya kulala. Kwa hivyo kama chumba kinakunyong'onyeza, fungua pazia na utoke nje kabla ya kulaumu rangi.

Sababu moja inayotolewa na wapenda kijivu ni kwamba kinaficha uchafu. Ni kweli, na kwa maoni yetu hilo ni kosa lake. Krimu itakuonyesha alama ya mikono karibu na swichi, masizi juu ya jiko, na vile vidoa vyeusi vya kuvu vinavyoanza pembeni mwa dari mvua ikinyesha. Kuvu huchochea pumu na kukohoa, na mwenye nyumba anayeiona mapema huishughulikia mapema. Kwenye kijivu unaweza kuiishi miezi mitatu ukidhani ni kivuli. Na ikishaonekana, usipake rangi juu yake. Tafuta maji yanakotoka, iwe ni bomba linalovuja, paa bovu au dirisha lisilofunguliwa kamwe, kisha usafishe na uache ukuta ukauke kabisa. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubanduka, na vibanduzi hivyo ndivyo vinatuleta kwenye jambo zito kuliko yote tuliyosema.

Madini ya risasi

Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi duniani walitumia madini ya risasi ili kupata rangi iliyoiva, hasa manjano, nyekundu na kijani, na kuifanya rangi ya mafuta ikauke upesi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978. Humu nchini, shirika la KEBS limeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni, kiwango ambacho Umoja wa Mataifa unazihimiza nchi zote kukifuata. Hata hivyo, rangi iliyopakwa kabla ya hapo bado iko ukutani. Katika nyumba ya zamani, yaweza kuwa chini ya mikono mitano ya krimu.

Mtoto anayetambaa hugusa vumbi la dirishani na sakafuni, kisha hulamba vidole. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kile kile, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudumaza ubongo: mtoto huchelewa kujifunza, hushindwa kutulia darasani, na mzazi humwadhibu kwa ukaidi. Madhara hayo hayarudi nyuma. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Ndiyo sababu hatari kubwa huja siku ya kuandaa ukuta, kabla hata kopo jipya halijafunguliwa. Fundi huchukua msasa na kusugua rangi kuukuu, na vumbi hutanda nyumba nzima. Ikiwa nyumba ni ya zamani au hujui historia yake, mwambie alowanishe ukuta kwanza na kusugua ukiwa majimaji, na asiichome rangi kwa moto. Atandaze karatasi za plastiki sakafuni, avae kizuia vumbi kinachofaa. Vyombo, nguo na godoro vitolewe. Watoto na wajawazito wakae kwa jamaa hadi sakafu itakapopigwa deki kwa maji na sabuni. Ufagio mkavu hurusha vumbi upya. Kama rangi ya zamani ni nzima na haibanduki, afadhali kuifunika kuliko kuisugua.

Katika ununuzi, krimu na kijivu za maji hazina tofauti kubwa hapa. Penye hadhari ni rangi za mafuta, na hasa za manjano zilizokolea ambazo baadhi ya mafundi hutia kidogo ndani ya nyeupe ili kujitengenezea krimu papo hapo. Kataa mchanganyiko huo. Nunua krimu iliyochanganywa dukani, kopo likiwa limefungwa, lina alama ya ubora na limeandikwa kwamba halina risasi. Rangi ya bei ya kutupa, isiyo na jina la mtengenezaji, haimfai mtoto hata kama shemeji yako ndiye anayeiuza.

Baada ya kupaka, rangi hutoa mvuke kwa siku kadhaa, na ile ya mafuta hutoa zaidi. Mvuke huo huleta kichwa kuuma, macho kuwasha na, kwa mwenye pumu, shambulio. Panga kazi wakati wa jua ili madirisha yakae wazi mchana kutwa. Lala kwingine angalau siku mbili tatu, na mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu akae zaidi, hadi harufu iishe kabisa. Kuwasha ubani kunaficha harufu tu, mvuke unabaki.

Mpangaji asisahau kumwuliza mwenye nyumba kabla ya kugusa ukuta. Wengi hukata fedha za kurudisha krimu kutoka kwa amana siku unapohama, na kijivu huhitaji mikono mingi kufunikwa.

Rangi iliyobaki ifunge vizuri, uandike kwenye kifuniko jina lake, chumba na tarehe, kisha uiweke juu, mbali na watoto na moto. Tapentaini usiitie kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, maana ikipanda tena yaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa hiyo ili daktari aione.